Herode wa Nyalenda

Miaka sita mimi ndiye Herode.
Bi. Perpetua alinitazama mara moja tu,
akasema, "Wewe una shingo ya mfalme,"
ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu alijua
hiyo ni shingo ya karani wa soko,
imerefuka kwa kuchungulia juu ya vibanda
nani hajalipa ushuru.

Taji langu ni kopo la kimbo lililokatwa meno.
Joho ni pazia la zahanati, bado lanuka dawa ya sakafu.
Punda ni Okwiri mbele na Obura nyuma,
na kila Desemba hugombana nani awe nyuma.
Mabawa ya malaika ni chandarua kilichotobolewa na panya.
Mariamu ana miaka kumi na saba, anatafuna muwa
hadi dakika ya kutokewa.

Mimi huzomewa. Tena huzomewa vizuri!
Kina mama wa omena hugonga viti vya plastiki:
"Toka, Herode! Lete risiti!"
Nami huwatolea macho, nikatikisa upanga wa mbao,
nikajiona napendwa
kama anavyopendwa mtu
na watu wenye haki ya kumtukana.

Mwaka huu sikuzomewa.

Agosti nilipewa mkebe wa rangi nyekundu
na orodha yenye muhuri.
Chora X, waliniambia, X tu,
mashine zitajua zenyewe.
Nikachora arobaini na moja.
Kwa Dorsila Awuor nilichora ndogo, pembeni,
kama mtu anayenong'ona tusi.
Tinga lilikuja saa tisa usiku.
Tinga halisomi ukubwa wa herufi.

Basi nimesimama jukwaani, tarehe ishirini na tatu,
mamajusi wamenihadaa, wamepita njia nyingine,
askari wangu wawili, mmoja na raba za shule,
wanasubiri amri.
Na amri haiji.
Naijua. Nimeisema bafuni,
nimeisema juu ya baiskeli nikikwepa madimbwi.
Viti vya plastiki kimya.
Hata mtoto aliyekuwa akilia kanyamaza,
ndipo nikajua watu wale hawangoji mchezo.

Nyuma ya pazia hukaa mkumbushaji
na tochi ya simu, na daftari la hesabu
alimonakili maneno yetu yote kwa mkono.
Kazi hiyo ni ya Dorsila.
Ilikuwa yake kabla ya kibanda, kabla ya X.

"Nendeni," akaninong'oneza.
Sikusikia. Nilisikia.
"Nendeni nyumba kwa nyumba,"
kwa sauti ile ile ya kumtajia mteja bei,
haipandi, haishuki,
"msiache hata mmoja."
Kooni nikawa na mwiba wa mbuta.
Akarudia mara ya tatu, polepole,
kama anayemlisha mgonjwa uji,
kijiko, ngoja, kijiko.

Nikasema.
Nikayasema yote, bila upanga, bila kutoa macho,
na askari mwenye raba akanitazama kwanza
kama anayeuliza, kweli?
ndipo akatoka.

Malaika akaja na chandarua chake. Yusufu akaamshwa.
Punda akaenda Misri, nyuma ikiitangulia mbele,
na watu wakacheka, ashukuriwe Obura,
wakacheka.

Baadaye, chumbani, nikabaki na kopo mkononi
na ile hotuba niliyoitunga tangu Agosti,
"kazi ni kazi" katikati, "samahani" mwishoni.
Dorsila akaja kukunja joho, panya wasije wakazalia humo.
Akanipa kitambaa chenye mafuta, nifute masizi ya ndevu.
Akaniona nafungua mdomo.

"Mstari wako ni mfupi," akasema.
"Kesho usiusahau.
Nikiusema mimi mara tatu
watu watadhani ni wangu."